Kipande cha Tyubu

Asubuhi Kasiga aliporudi kazini, mkono wa kushoto umefungwa bendeji, msimamizi aliwakusanya mafundi wote mbele ya kompresa, mtambo wa kusukuma upepo, ili Kasiga awaeleze yaliyompata.

Fundi Mbwilo alisimama nyuma kabisa. Ndiye aliyemfundisha Kasiga kazi. Ndiye pia aliyeibana swichi ya mashine yake ya mkononi ya kusagia chuma kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, ili kidole kisichoke kuibonyeza. Siku ya ajali, alipokwenda kula, aliichomoa mashine kwenye paipu ya upepo akaiacha mezani, swichi bado imebanwa. Kasiga aliichomeka tu, ikaruka, ikamkata vidole viwili.

“Kosa ni langu,” Kasiga alisema. “Nilikuwa na haraka. Sikuikagua.”

Mafundi waliguna kwa huruma. Msimamizi akageuka. “Fundi Mbwilo, wewe ndiye mkongwe hapa. Hebu waambie wenzako.”

Mbwilo alikohoa. Akasema upepo si kitu cha kuchezea. Akasema mtu akague swichi kwanza, ndipo achomeke paipu. Alisema yote hayo akitazama viatu vyake.

Walipotawanyika, Kasiga alimfuata, akamwekea kitu kiganjani kwa mkono wake mzima. Kilikuwa kile kipande cha tyubu, kimeoshwa kikawa safi.

“Nilikivua kabla hawajaja kunibeba,” alinong’ona. Kisha, kama kila asubuhi: “Shikamoo, fundi.”

Mbwilo alifungua mdomo aitikie. Nyuma yake kompresa ilianza kunguruma, na mafundi wote, mashine mikononi, walikuwa wakimsubiri afungulie upepo.