Dawa ya Uso wa Mjomba

"Tumpe ile kali kuliko zote," Keneilwe alisema, kabla Daktari Mothibedi hajamaliza kueleza.

Vidonge vya mwanzo havikutosha, kwa hiyo walikuwa wakichagua dawa nyingine. Kuna kidonge cha mara moja kwa wiki, ila ini lazima lichungwe. Kuna cha asubuhi na jioni, nacho huvuruga tumbo. Na kuna dripu, ambayo hushusha kinga ya mwili na kunyonyoa nywele.

"Nywele hana," alisema Keneilwe. "Endelea."

Mjomba Gaolathe, mwenye mwili uliokuwa ukijadiliwa, alikuwa chumba cha pili akitolewa damu. Ugonjwa wake si wa kawaida: ngozi hunenepa na kukaza kama iliyowambwa ngomani. Ulimwanzia vidoleni, ukapanda usoni, uso ukawa hauonyeshi furaha wala hasira. Mji mzima wa Kanye ulimhurumia. Dada yake, yaani mama yake Keneilwe, naye alimhurumia kidogo, kisha akaona faida.

Maana posa ikiletwa, msemaji ni mjomba. Wageni wakitaja ng'ombe sita, yeye huwatazama tu. Wanadhani amechukia, wanaongeza wawili. Anawatazama tena. Binamu wawili wa Keneilwe waliolewa hivyo na zizi likajaa. Wageni wa binamu wa tatu waliaga kwenda kushauriana, hawajarudi mpaka leo, na mwenyewe yuko nyumbani anafuga kuku.

Sasa ilikuwa zamu ya Keneilwe. Kina Oteng walikuwa wanakuja Jumamosi, na Oteng ni fundi baiskeli. Ukoo wao mzima ukijikamua hauvuki ng'ombe sita. Keneilwe alimpenda mno, na kuku hakuwataka.

"Dada, dawa hizi huenda taratibu," daktari alisema. "Ni suala la miezi."

"Basi mpe zote tatu kwa mpigo."

Chumba cha pili manesi wakaangua kicheko. Walikuwa hivyo tangu mjomba aingie. Keneilwe alikereka, watu wanaumwa, wao wanacheka.

"Kwani hasa unataka nini?" daktari aliuliza.

"Uso, daktari. Nataka Jumamosi wamwone mjomba akitabasamu, hata kidogo tu. Wakimwogopa wakaondoka, mimi nimekwisha." Machozi yalikuwa yanamlenga.

Mlango ukafunguliwa. Nesi aliingia ameshika mbavu, anajifuta macho. Nyuma yake akaja Mjomba Gaolathe, uso mkavu kama siku zote, akasalimia kwa kichwa.

Daktari alimtazama mzee, akamtazama Keneilwe, akarudi kwenye faili lake.

"Mbona uso ulishalainika tangu baridi ya mwaka jana?" alisema. "Mimi nazungumzia vidole."

Mjomba Gaolathe alimkodolea macho mpwa wake, vile vile anavyowakodolea wageni, mpaka pembe za mdomo zikaanza kumponyoka.

"Sita wanatosha," alisema. "Ila mama yako asijue."