Daftari la Goti

Bi Radhia, mkandaji wa wachezaji, alimpa Mbaraka daftari wiki ya kwanza ya kumkanda. "Goti nitalikanda mimi. Yaliyo rohoni yaandike wewe, kila siku robo saa. Usimwonyeshe mtu."

Wiki tano Mbaraka aliandika habari za mvua na chakula, na goti likagoma kukunjika. Leo, akiwa kitandani pale pa kukandwa, akaandika kweli: "Tendwa hakunigusa. Nilijirusha nipewe penalti, nikaanguka vibaya."

Bi Radhia alilishika goti, likakunjika kama la mtoto.

"Unaona?" akacheka. "Kalamu nayo ni dawa."

Mbaraka hakucheka.

Nje Tendwa alikuwa anamsubiri na baiskeli. Katika mji ule, anayemuumiza mwenzake uwanjani hachezi tena mpaka mwenzake apone, na ndiye humpeleka kukandwa. Tendwa hajakosa hata siku moja. Jezi yake timu imeshampa mtu mwingine.

"Kaka, humo unaandika nini? Barua za mchumba?"

"Mambo ya goti tu."

"Na mimi nimo?"

"Umo kidogo."

"Basi niandike vizuri. Mama hanisemeshi hadi leo, anasema nilikupiga kusudi."

Mbaraka akapanda kwenye keria, daftari kalishika kifuani. Kwenye kilima Tendwa hakushuka. Alikanyaga tu huku anahema, na jasho la mgongo wake likaanza kulowesha jalada.