Maji ya Pembe

Hidaya, mpimaji wa maabara, alimwamkia Bi Mwanakombo, kisha akatandaza karatasi yenye majina kumi na mawili.

"Homa ya ini C, inayoenezwa kwa damu, ina aina nyingi, mama. Hawa wana aina moja ambayo hatujaiona kwingine mkoani. Wote umewapiga chuku ya pembe."

Bi Mwanakombo alicheka. Miaka thelathini alikuwa akiwatoa watu damu chafu kwa pembe, na hakuna aliyewahi kumlalamikia. "Kila mtu na wembe wake mpya, mwanangu."

"Mwambie, mama!" alidakia binti yake Saumu, aliyelala kifudifudi mkekani, pembe tano zikiwa zimesimama mgongoni. "Siku hizi hata mchawi anatafutwa kwa karatasi!"

Hidaya aliziona nyembe, zote ndani ya karatasi zake. Akaamini. "Na pembe je, unazisafishaje?"

Bi Mwanakombo akamsogezea bakuli la shaba. Pembe zote zilisuuzwa humo tangu asubuhi, na maji hayakumwagwa mpaka jua lizame, kwa kuwa damu ya mtu haimwagwi juani. Ndivyo bibi yake alivyomfunza.

Hidaya aliliinamia bakuli. "Wa kwanza huwa nani?"

"Wateja. Wa nyumbani hungoja mwisho, ndiyo adabu."

Alipokwisha kusema, Bi Mwanakombo aliyatazama yale maji. Yalikuwa na rangi ya chai. Akapiga magoti mkekani, akaishika pembe moja na kuivuta, lakini ilikuwa imeng'ang'ania ngozi.

"Taratibu, mama," Saumu alisema huku akicheka. "Hiyo bado haijajaa."