Alama Kwenye Mlango wa Gari

Sheria inataka kila familia ikabidhi nyumba yake kwa wengine kwa mwaka mmoja, yenyewe iishi barabarani ndani ya gari-nyumba. Mimi hupiga picha kila tunapoegesha, lakini mke wangu Sekela aliapa hatapigwa hata moja mpaka arudi kwake Tukuyu. Albamu yetu ina milima, ina mjukuu wetu Tumpale, haina bibi yake.

Tulipofika Kondoa, wanaoishi kwetu walitutumia picha. Mtoto nisiyemjua alisimama mlangoni, pale Sekela anapompimia Tumpale kimo. Juu ya alama zetu palikuwa na alama mpya.

"Wamechora mlango wangu!" Sekela alifoka.

"Bibi, kanizidi," alisema Tumpale.

"Nani kakuzidi? Umerefuka tangu tuondoke. Njoo hapa!"

Akamsimamisha kwenye mlango wa gari, akainama na penseli. Kumbe palikuwa na mistari mingine, ya watoto waliosafiri humo kabla yetu. Sekela akaipapasa kwa kidole. Kisha akachora wa Tumpale.

"Babu Tumpale, kamera iko wapi? Tupige mimi na mjukuu, na usinikate kichwa. Uwatumie walio nyumbani."