Mashimo ya Vifaranga

Enzi hizo kila mkulima wa bondeni alivaa bangili ya kilimo, na bangili zote zilimfuata mkulima mmoja aliyevuna vizuri kuliko wenzake. Akichimba yeye, zote husema, "Panda." Mwenyewe haambiwi, asije akaringa.

Nakiete hakujua kuwa ndiye yeye.

Asubuhi moja, ardhi ikiwa kavu kama majivu, vifaranga watatu wa bintiye Elinaja walikufa kwa kideri, ugonjwa wa kuku. Mtoto akakataa katakata wasizikwe pamoja.

"Kila mmoja shimo lake, mama. Hao walikuwa wanagombana."

"Haya, mfiwa," Nakiete akasema, akachukua jembe na kuchimba mashimo matatu pembeni mwa shamba.

Hajamaliza kuyafukia, bangili ikatetemeka mkononi. "Panda."

Akatazama juu. Hakukuwa na wingu hata moja. Ng'ambo ya kijito majembe yalikuwa yameshaanza kuinuka na kushuka, na jirani yake alikuwa akidondosha mahindi vumbini.

"Mama Senzota, kwani mvua iko wapi?"

"Unaniuliza mimi? Bangili ndiyo inayojua. Wewe endelea kushangaa, tutaonana wakati wa mavuno."

Nakiete alikuwa na debe moja tu la mbegu. Likiharibika, hakuna jingine. Alihisi labda ni yeye peke yake asiyeelewa. Kisha akaingia ndani kulichukua.

Alipotoka, Elinaja alikuwa bado anawatazama majirani.

"Mama, kumbe na wao wamefiwa?"