Klorini Amehamia Kwetu

Siku hizi kila mtu mzima ana daraja lake: florini juu, kisha klorini, bromini, na iodini chini kabisa. Wa juu anaruhusiwa kumng'oa wa chini kwenye ndoa yake, kama klorini inavyoing'oa iodini kwenye chumvi. Leo Bi Zamda, klorini, kamng'oa mama yangu.

"Mbona huniamkii, mwanangu?" kaniuliza, kajifunga kanga ya mama.

"Mwanao nani?"

Baba kainamisha kichwa, eti ndiyo kemia. Kemia gani hiyo? Iodini huwa inaacha mtoto?

Mama alishaondoka na beseni lake la vyombo, hata hakugeuka.

Mara mlango ukagongwa. Bi Zamda akashtuka, akamng'ang'ania baba mkono.

"Usifungue," akanong'ona. "Uliza kwanza ni daraja gani."