Uzito wa Kondoo wa Naryn

"Enyi wanadamu! Leo kondoo wote wa Naryn watapimwa kufumba na kufumbua!"

Ndivyo alivyotangaza Bektur, vifungo vya shati vimekosea matundu.

Programu yake iliigawa safu ya uzito wa kondoo vipande vinane, vijumlishwe sambamba, vyote kwa wakati mmoja. Lugha ya kompyuta aliyotumia ni kali, haipokei neno mahali pa namba, nayo haikulalamika. Jumla ikatokea. Darasa likashangilia.

"Endesha tena," mwalimu akasema. "Ikitoa ileile, unakwenda mashindano ya Bishkek."

Kabla hajabonyeza, skrini ikazimika. Chini ya meza, dole gumba la mguu wa msichana jirani yake lilikuwa limechungulia kupitia tundu la soksi na kuzima swichi ya kompyuta.

"Bwege wewe!" msichana akanong'ona. "Vipande vyote vinaandika kwenye kisanduku kimoja cha jumla, kwa pamoja. Vinafutiana! Jumla itabadilika."

Bektur nusura aibusu ile soksi.

"Nani kazima?" mwalimu akafoka. "Atasugua vyoo mwezi mzima!"

Msichana akaanza kuinuka. Bektur akamtangulia.

"Mwache, Mwalimu. Ameniokoa. Programu nikiiendesha tena itatoa jumla nyingine, na hata mimi sijui ipi ya kweli."